Miche ya Lebo Nyekundu

Haya niliambiwa na Ruqayyah, mwezi wa tano mwaka huu, tukiwa kwenye chumba cha kufulia chini ya jengo letu hapa Etobicoke, Toronto, tunasubiri mashine zimalize kukausha. Ruqayyah ni mtu wa Tanga, si mwepesi wa kusema ya watu, na jambo hili alikuwa amekaa nalo tangu mwaka jana. Alipofika mwisho, nguo zilikuwa zimeshapoa ndani ya mashine na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuzitoa. Mengine niliyajua mwenyewe, maana nyumba yenyewe iko juu ya kichwa changu, na dari za jengo hili hazifichi kitu.

Ni nyumba ya Ildefonce na mkewe Pulchérie, watu wa Fizi. Wana binti mmoja, Nicole, yuko sekondari, anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Na sebuleni, kwenye kochi, alikuwa analala Carmel, dada mdogo wa Ildefonce, wa tumbo moja. Ildefonce anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, kwa hiyo mchana ndani ya nyumba ile watu hutembea kwa vidole. Pulchérie na Carmel walikuwa wakitoka alfajiri pamoja na Ruqayyah, wanasimama kwenye kituo cha mafuta, gari la kazi linawabeba mpaka kupita mji wa Vaughan, kwenye nyumba za vioo za kuoteshea mimea za bwana mmoja aitwaye Nazir.

Kanisani Pulchérie alisema anafanya kazi ya maua. Ilikuwa bangi, lakini ile isiyolevya, wenyewe huiita hempu. Hukamuliwa mafuta ya kutuliza maumivu, na serikali inairuhusu ilimradi kile cha kulevya ndani yake kisizidi kiasi kidogo sana. Sasa nenda kawaeleze kina mama wa kwaya. Mmoja alikuwa ameshamwuliza, mbele ya watu, kama hata sadaka yake inalevya.

Carmel hayo ya kwaya hakuyajali. Maombi yake ya hifadhi yalikuwa yamekataliwa, na kilichobaki ni njia moja. Nazir alikuwa amemwahidi barua ya ajira ya kudumu, ambayo mwanasheria angeipeleka kwa watu wa uhamiaji. Barua ikipatikana, anabaki. Isipopatikana, anarudishwa. Nazir alisema ataiandika mbegu zikishavunwa.

* * *

Kazi ya Nazir ilikuwa kutafuta mbegu ya ukoo mmoja. Alichukua mmea dume na mmea jike akawazalisha, na watoto wakatoka kama watoto wa watu, mama mmoja na baba mmoja lakini kila mtu na tabia yake. Mche huu unatengeneza kile cha kulevya, ule kile cha kutuliza maumivu, mwingine nusu kwa nusu. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Ndiyo maana kila mche ulitobolewa jani, kwa kile kifaa cha kutobolea karatasi, na kale kaduara kakapelekwa maabara. Majibu yakirudi, mche wenye kulevya unabandikwa lebo nyekundu, unang'olewa na kusagwa pamoja na mchanga. Wale wa lebo nyeupe wanavuliwa lebo na kupandwa kwenye matuta, madume kwa majike, wazaane wenyewe kwa wenyewe. Mwaka unaofuata ni hivyo hivyo, mpaka upatikane ukoo ambao watoto wote wametulia, hakuna hata mmoja wa kulevya. Nazir alikuwa amefika mwaka wa saba, na alisema huu ndio wa mwisho.

Pulchérie hayo hakuyajua. Miaka yote alikuwa chumba cha kukaushia, anakata na kupakia. Mwaka jana, baridi ilipoanza kulegea, ndipo alipohamishiwa kwenye miche. Wenzake walielezwa kwa Kiingereza, maelezo marefu. Yeye Nazir alimweleza kwa Kiswahili, maana bibi yake alikuwa wa Bukoba na alimwachia maneno. Lakini yalikuwa maneno ya jikoni, ya kuagizia: lete, weka, ngoja, funga mlango. Akamwonyesha kwa kidole. "Nyekundu, hapana. Toa. Nyeupe, weka."

Pulchérie alielewa. Kwao mahindi na maharage hupunguzwa hivyo hivyo. Miche ikibanana unang'oa ya ziada, na hiyo ya ziada si takataka, unaiweka kwenye beseni na udongo wake, unaipeleka pale ambapo mbegu ilikataa kuota. Ndiyo kujazia. Mwanamke anayeacha mapengo shambani kwake husemwa mpaka kwenye harusi za watu, na anayetupa mche wenye mizizi husemwa zaidi.

Kila tuta lilikuwa na kibao chenye jina la mwenye kulitunza. Tuta la Carmel lilikuwa kona ya mlangoni, baridi iliingia pale, na miche mingi ilikuwa imekufa. Wiki ile Nazir alisema atapita kukagua. Na siku moja kabla hajapita Carmel hakuwepo, alikwenda mjini kwa mwanasheria.

Pulchérie alikuwa na ndoo ya miche ya lebo nyekundu, anaipeleka kusagwa. Mwaka ule ndiyo iliyokuwa mizuri, mashina manene, majani ya kijani kilichokolea. Akasimama mbele ya tuta la wifi yake, akaangalia mapengo, akaangalia ndoo. Akapiga magoti. Alitoa lebo moja moja akaziweka mfukoni mwa aproni, akapanda, akashindilia udongo kwa vidole. Ruqayyah alikuwa tuta la pili na alimwona.

"Nilidhani ameambiwa apande," Ruqayyah aliniambia.

Jioni Pulchérie alimwambia Carmel, wakiwa wanamenya ndizi, "Wifi, tuta lako nimelijazia. Usinitie aibu tena na yale mapengo. Watasema sikukufundisha."

Carmel alimshukuru sana. Alisema Mungu hakumnyima kila kitu, amempa wifi. Kesho yake Nazir alipita, akasimama kwenye kona ya mlangoni, akalisifu tuta la Carmel mbele ya wote. Akasema kwa Kiswahili chake, "Huyu, mikono mizuri."

* * *

Mwezi wa tisa majibu ya mbegu yalirudi kutoka maabara. Nazir alisoma kwenye simu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Mbegu hazikuwa zimetulia hata kidogo. Wakapima mimea yenyewe, tuta kwa tuta, jani kwa jani, na kwenye kona ya mlangoni wakakuta mimea ya kulevya imesimama katikati ya ndugu zake wa nyeupe, mirefu kuliko yote. Mingine kati yake ilikuwa madume. Chavua yake ilikuwa imeshapeperushwa na feni nyumba nzima, na kila jike lilikuwa limepokea. Miaka saba ikawa si kitu. Siku zilizofuata walifanya kazi ya kung'oa na kusaga na mchanga, wakisimamiwa na mtu wa serikali ambaye hakusalimia mtu.

Wenye fedha za mradi walitaka jina. Nazir akawakusanya wafanyakazi siku ya Ijumaa, akasema kuna mtu alipanda lebo nyekundu, na Jumatatu anataka kumjua. Alipokuwa anasema alikuwa ameshika mkononi kibao cha tuta, na kibao kilikuwa na jina la Carmel.

Kwenye gari Pulchérie alimwuliza Ruqayyah, polepole, nyekundu ni nini hasa. Ruqayyah akamweleza. Carmel alikuwa kiti cha nyuma, amesinzia, kichwa kinagonga dirisha. 

* * *

Jumapili baada ya ibada Pulchérie alimwita mumewe kwenye baraza ya ghorofani, akavuta mlango wa kioo. Ndani Carmel alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo, na muziki wa kwaya kwenye simu. Waliweza kumwona mgongo.

Pulchérie alimweleza yote. Ildefonce alisikiliza huku akikwangua kutu kwenye kizuizi cha chuma.

"Nitamwambia ni mimi," Pulchérie alisema.

"Halafu?"

"Halafu anifukuze. Carmel abaki na barua yake."

Ildefonce aliendelea kukwangua. Alisema nyumba hii ina miguu miwili, mkate wake wa usiku na hempu ya mkewe, na hajawahi kuona mtu wa Toronto anayesimamia mguu mmoja. Alisema Pulchérie na Kiingereza chake ataanzia wapi tena, kufagia hospitali? Mgongo wake anaujua mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililomwingia mkewe.

"Nazir anampenda Carmel. Atamgombeza, atamsamehe, atamwandikia. Wewe hakupendi, Mama Nicole. Wewe ni mtu wa kazi tu."

 Pulchérie akasema, basi wamweleze Carmel, akubali mwenyewe kulibeba.

"Ukimwuliza mtu anaweza kukataa," Ildefonce alisema.

"Ni mdogo wako, Papa Nicole."

"Najua ni nani kwangu."

Carmel alivuta mlango wa kioo, mwiko mkononi, akasema kaka, chakula kimeiva. Ildefonce aliingia akanawa. Alisifu sombe. Aliongeza mara mbili.

Baadaye Pulchérie aliingia chumbani kwa Nicole. Alimwambia kesho atapigiwa simu saa ya chakula, atafsiri maneno kwa bosi, na atatafsiri yale tu atakayoyasema mama yake, asiongeze ya mtu mwingine. Nicole akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Mama yake akamwambia shangazi yako alikosea kazini, tunamsaidia. Nicole akasema sawa, akarudisha vile vya kusikilizia muziki masikioni.

* * *

Ofisi ya Nazir ni chumba kidogo cha kioo ndani ya nyumba ya kioo, kila mtu anaona ndani. Jumatatu saa ya chakula aliwaita Carmel, mwenye tuta, na Pulchérie, mwenye ndoo ya nyekundu, na mwanzo alimtaka Ruqayyah atafsiri, maana Kiingereza chake ni kizuri. Ruqayyah alikataa. Alisema hayo ni mambo ya ndugu, yeye si mtu wao. Akatoka, akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa, karibu na mlango. Aliponisimulia hakujitetea.

Kwa hiyo Pulchérie alimpigia Nicole, akaweka simu mezani kwenye spika. Zilisikika kelele za watoto na milango ya makabati ya shule.

Nazir aliuliza kwa Kiingereza. Nicole akaligeuza swali kwa Kiswahili: anauliza nani alipanda zile za nyekundu.

"Mwambie sijui," Pulchérie alisema. "Mwambie tuta si langu. Mimi ndoo yangu nilipeleka kusagwa."

Carmel alimgeukia. Ruqayyah anasema hakugeuka kwa hasira, aligeuka kama mtu aliyedhani mwenzake amesahau.

"Wifi, si ulinijazia wewe?"

"Nilikujazia nini?"

"Mapengo. Nilipokwenda kwa mwanasheria. Uliniambia tukimenya ndizi."

"Carmel," Pulchérie alisema taratibu, "mtu akikosea anasema nimekosea. Bosi si mtu mbaya."

Nazir aliinua mkono wanyamaze. Akauliza jambo. Nicole, kule shuleni, akasema kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, "Anasema shangazi aeleze."

Carmel aliinamia simu, mikono miwili mezani, akasema polepole ili mtoto aelewe. "Nicole, mwanangu, mwambie hivi. Siku ile sikuwepo. Nilikuwa kwa mwanasheria, mjini, na bosi mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa. Amwulize mama yako. Mama yako anajua."

 Kengele ya shule ikalia. Pulchérie alisogea mbele akaita jina la mwanawe, mara moja tu, kama anavyomwita akitaka aoshe vyombo.

Nicole alisema kwa Kiingereza kwamba shangazi yake anaomba radhi, hakujua.

Carmel alisubiri. Kiingereza chake kilikuwa kidogo lakini neno la radhi kila mfanyakazi wa Toronto analijua, ndilo la kwanza kufundishwa. Alimtazama Nazir usoni, akajaribu mwenyewe kwa Kiswahili. "Sikuwepo," alimwambia. "Bwana Nazir. Sikuwepo."

Nazir alimtazama yeye, akamtazama Pulchérie. Akaigeuza simu chini, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya upole, kwamba anasikitika sana. Hakuna barua, hakuna kazi, aache ufunguo wa kabati. Alipoona Carmel hasogei akatumia yale ya bibi yake.

"Basi. Toka."

Na viatu. Mabuti yalikuwa mali ya kazi. Carmel aliyavua palepale mlangoni, watu wanatazama, na raba alizokuja nazo asubuhi zilikuwa zimefungiwa kwenye gari, na dereva amekwenda kuleta mbolea. Nazir akasema gari la kazi ni la wafanyakazi. Carmel akatoka na kandambili za bafuni, zile zinazokaa karibu na bomba la kunawia miguu.

Nazir alimbakiza Pulchérie ofisini. Alifunga mlango, lakini Ruqayyah alikuwa bado na ufagio.

"Mama. Mimi nasikia Kiswahili," Nazir alisema. "Kidogo. Hiyo 'sikuwepo', nasikia."

Pulchérie aliichukua simu yake mezani.

"Mimi nataka jina moja tu. Jina nimepata." Akachukua kalamu, akaanza kuandika kitu kingine. "Wewe, Jumamosi njoo. Kila Jumamosi."

Hakutaja malipo ya Jumamosi, na Pulchérie hakuuliza.

* * *

Jioni gari lilipokuwa linarudi walimkuta barabarani, ile barabara ya mashamba isiyo na njia ya miguu. Anatembea pembeni kwenye kokoto, kandambili moja imekatika, ameshika ile iliyokatika mkononi. Kituo cha kwanza cha basi la umma kilikuwa bado mbali. Dereva alipunguza mwendo, akawatazama kwenye kioo. Raba za Carmel zilikuwa chini ya kiti, karibu na miguu ya Pulchérie.

Hakuna aliyesema simama. Dereva akakanyaga mafuta.

Carmel alifika nyumbani Ildefonce akiwa anafunga kamba za viatu vya kazi. Raba zake zilikuwa mlangoni, zimepangwa. Aliziangalia, kisha akaketi kwenye kochi na miguu yake ile, akamwuliza kaka yake kama alijua.

"Umekula?" Ildefonce aliuliza.

"Nimekuuliza, kaka. Ulijua tangu lini?"

Hayo nami niliyasikia, juu ya dari yangu, sikuhitaji Ruqayyah. Ildefonce hakupandisha sauti. Alisema ndani ya nyumba kosa la mmoja ni la wote. Alisema amemlaza mwaka na nusu kwenye kochi lake, hakuna siku aliyomwuliza unga umetoka wapi. Alisema mkewe akianguka wanaanguka wote, na Carmel naye akiwemo, kwa hiyo hata yeye amejisaidia. Umelibeba, alimwambia, na sisi tutakushukuru.

"Mtanishukuru nikiwa wapi?" Carmel aliuliza.

Ildefonce alisema atachelewa kazini. Pulchérie alikuwa jikoni, bomba limefunguliwa, maji yanamwagika bila kazi. Carmel alikwenda mpaka mlango wa Nicole akagonga. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akasema kupitia mlango, hana hasira naye, anataka tu kujua kama alielewa alichoambiwa kwenye simu mchana ule. Nicole alijibu kwa Kiingereza kwamba ana mtihani.

* * *

Baada ya hapo Carmel alikuwa mtu wa kusubiri. Mwanasheria alisema bila barua hana cha kupeleka. Pulchérie alimtafutia kazi kanisani, kwa bidii kweli, alizunguka kwa kila mtu, lakini kila aliyeulizwa aliuliza kwanza kwa nini kwenye maua alifukuzwa. Na Pulchérie alijibu yale yale aliyokwisha kuyajibu, kwamba alikosea mambo ya miche, ni mgeni wa kazi. Kufika Krismasi kwaya nzima ilijua kwamba mdogo wake Ildefonce alipanda bangi ya kulevya ya watu kwa siri. Walimwombea kwa jina, mbele, yeye amekaa kiti cha tatu.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa ya adabu. Carmel alipika, alifua, aliitwa wifi na kuitikia. Ila chakula aliacha kula nao. Alisubiri wamalize, akala akiwa amesimama karibu na jiko. Nicole akaanza kula chumbani. Ildefonce akasema siku hizi meza ina nafasi.

Tarehe ya kuondolewa ilitoka mwezi wa kwanza, katikati ya theluji. Jana yake Pulchérie alimuaga kwa haraka kabla ya kulala, kwa sababu gari la kazi la alfajiri halisubiri. Alimkuta anakunja mashuka ya kochi.

"Yaache tu," alimwambia. "Nitafua."

"Nimeshazoea kuyakunja," Carmel alisema.

Alitaka kusema jambo jingine, Pulchérie, alisimama pale ameshika mlango wa chumba. Kisha akasema Fizi siku hizi kuna joto zuri.

Asubuhi Ildefonce alirudi kutoka zamu, unga wa ngano kwenye nyusi. Teksi ilikuwa chini. Alisema angemsindikiza mpaka uwanja wa ndege, lakini hajalala, na mwili wa usiku Carmel anaujua. Akampa mfuko wa mikate ya kiwandani, ya moto bado, kwa ajili ya njiani. Carmel aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa na mama yao. Nilimkuta kwenye lifti na sanduku la zamani la Nicole, lenye picha za paka. Mfuko hakuwa nao. Ildefonce aliukuta alipoamka, juu ya rafu ya viatu, mikate imekuwa migumu.

* * *

Mwaka huu Nazir alianza upya, na mbegu za zamani alizokuwa ameficha kwenye jokofu. Mwezi wa nne miche ikatoka, majani yakatobolewa, lebo zikarudi. Tuta la kona ya mlangoni lina jina la Pulchérie. Jumamosi, wengine wote wakiwa nyumbani, yeye huwa pale peke yake.

Siku ile ambayo Ruqayyah alinisimulia, ndiyo siku yeye na Pulchérie walikuwa wamesaga. Walikaa juu ya mikebe iliyopinduliwa, ndoo ya nyekundu katikati, mchanga pembeni. Miche ilikuwa mizuri tena. Ruqayyah aliinua mmoja, udongo umeshikamana na mizizi kama ngumi, akasema jamani, hebu ona huu. Alisema hivyo makusudi. Alitaka kuona.

Pulchérie aliuchukua mkononi mwake, akautia kwenye mashine.

"Nyekundu ni nyekundu," alisema.

Kwenye tuta lake kulikuwa na mapengo. Aliyaacha.

Alirudi nyumbani jua bado liko juu ya majengo, maana siku za mwezi wa tano hapa hazitaki kwisha. Ilikuwa siku ya mapumziko ya Ildefonce, na mapumziko yake ni kulala. Alikuwa anakoroma chumbani, mlango wazi. Nicole naye amelala juu ya vitabu vyake, shavu kwenye karatasi, vile vya masikioni bado vinaimba vidogo. Pulchérie hakumwamsha mtu. Alinawa mikono, akanusa vidole, akanawa tena.

Alipoketi kwenye kochi simu iliita. Ilikuwa picha ya Carmel, ile ya mwaka wa kwanza, amesimama mbele ya maporomoko ya Niagara na koti la Pulchérie. Aliiacha iite. Ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza. Ukaingia ujumbe wa sauti, kidoti kidogo cha buluu. Akaipindua simu uso chini kwenye zulia.

Kochi hilo lina bonde katikati, lililofanywa na mwili wa mtu mwingine. Pulchérie alijinyoosha ndani yake, akavuta shuka mpaka mabegani, shuka ambalo alikuwa amelifua. Jua lilikuwa linampiga usoni. Hakuvuta hata pazia, akalala.